Masharti ya Kukaa

Avit alikuwa na shahada moja, na kwa muda mrefu aliamini kwamba hiyo ndiyo idadi inayomtosha mtu.

Alikuwa amesoma Utawala wa Umma, akafaulu vizuri, akavaa joho, akapigwa picha. Picha hiyo ilitundikwa sebuleni kwa baba yake, Muleba, chini kidogo ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Wageni walipoingia walifanya ishara ya msalaba wakiutazama ukuta huo, na Avit alikaa likizo nzima kabla hajatambua kwamba hawakuwa wakimheshimu yeye.

Alirudi Bukoba akiwa na nia ya kulibadilisha taifa. Taifa lilikuwa na shughuli nyingine. Akapanga chumba Kitendaguro, akajiunga na kikundi cha vijana waliozunguka mashuleni kuzungumzia haki na wajibu wa raia, kazi ya kujitolea ambayo malipo yake yalikuwa fulana. Siku moja akapangiwa shule moja ya msingi huko Bilele. Alifika kabla ya muda, kwa sababu alikuwa mtu wa aina hiyo, wala hakuuliza ofisini. Akaingia darasa la kwanza aliloliona lina watoto waliotulia.

Hakuwa amewahi kupata wasikilizaji kama wale. Alizungumza juu ya katiba, akapandisha sauti, akaishusha, akanyoosha kidole, na mahali fulani akalengwalengwa na machozi kwa uzuri wa maneno yake mwenyewe. Watoto walimkazia macho bila kupepesa. Alipomaliza, msichana mmoja wa mbele akainua mikono na kuichezesha upesi upesi hewani. Mwalimu wa darasa, aliyekuwa amefika mlangoni akakosa mahali pa kumkatiza, akatafsiri:

"Anauliza kama mdomo wako hauchoki."

Lilikuwa darasa la watoto viziwi.

Mtu mwingine angeaga na kwenda kujificha. Avit alirudi kesho yake kuomba radhi, akarudi kesho kutwa kujifunza kuomba radhi kwa mikono, na miaka ilipopita alikuwa bado anarudi. Lugha ya alama aliipata kwa makosa mengi. Kwa muda fulani kila asubuhi alijitambulisha kwa watoto kuwa yeye ni bata, nao, kwa kuwa walikuwa watoto, hawakumsahihisha.

Aliipenda kazi ile kiasi cha kumtia aibu. Lakini kuajiriwa nayo hakuweza. Ualimu una shahada yake, na Utawala wa Umma si somo linalofundishwa shuleni hata mtu akatafutiwa njia fupi. Ndipo alipoanza kutafuta chuo kitakachomruhusu kusoma shahada nyingine ya kwanza, ya Elimu Maalumu, aanze mwanzo kabisa pamoja na watoto waliotoka kidato cha sita juzi.

"Kwa nini usisome masters?" aliuliza Ashish, mwenye duka la vifaa vya ofisi mjini, alipokuwa akimtolea chapa masharti ya chuo. "Wenzako wanapanda. Wewe unashuka chini ili uanze kupanda tena."

"Sishuki, Ashish. Nahama ngazi."

"Ukiwa katikati ya ukuta?" Ashish alimkabidhi karatasi zikiwa bado na joto. "Mimi baba alitaka famasia, nikasoma uhasibu, sasa nauza stepla. Shahada moja inatosha kabisa kumpoteza mtu."

Avit aliyasoma masharti pale pale, ameegemea meza ya duka. Mwombaji awe amemaliza shahada yake ya awali, asiwe ameiachia njiani. Fani mpya iwe tofauti na ya zamani, mtu asije akasomea jambo lile lile mara mbili kwa jina jingine. Apite kwenye usaili aeleze sababu zake. Na la mwisho, kwa herufi nzito: miaka miwili ya kwanza akae chuoni, asome mchana, hakuna kusomea nyumbani. Chuo chenyewe kilikuwa mbali, safari ya basi ya kutwa nzima.

"Kukaa si tatizo," alimwambia Ashish kwa furaha. "Mimi ni mtu wa kukaa."

Kulikuwa na mahali pengine alipotakiwa kukaa, naye alikuwa ameamua kutopafikiria.

Baba yake, mzee Protase, katekista mstaafu, alitaka kugawa kibanja chake kabla ya kuzidiwa na uzee. Kilikuwa kibanja cha migomba na kahawa kama vya majirani, nyumba katikati, na upande wa juu, penye mwinuko, kaburi la mke wake, mama yake Avit. Upande huo wa juu ndio uliotengwa kwa Avit. Lakini kibanja ni cha ukoo, na ukoo nao una sharti lake: anayepewa akae. Ajenge, alale humo, asubuhi moshi uonekane ukipanda juu ya migomba. Asiyekaa anarukwa, anapewa anayefuata. Anayefuata alikuwa Rugaibula, mtoto wa marehemu baba mdogo wa Avit, aliyekuwa amerudi kutoka kuvua samaki kisiwani Goziba akiwa na mke na watoto, bila mahali pa kuwaweka.

Avit aliyajua yote hayo. Baba yake hakuwa ameambiwa neno juu ya chuo. Alikuwa na mpango, na mpango wenyewe ulikuwa kwamba mambo yatajipanga.

Usaili uliwekwa Jumamosi mchana, kwa njia ya simu. Chuo kilieleza kwamba waombaji wa aina yake walikuwa wachache mno kutengewa siku ya kazi. Kisha baba akampigia kumwambia kwamba ukoo utakuja kupanda mpaka wa kibanja Jumamosi hiyo hiyo, asubuhi. Avit aliona hakuna kizuizi. Ukoo utamaliza asubuhi, naye atafanya usaili mchana. Hapo alidhihirisha kwamba shahada ya utawala haikuwa imemfundisha chochote kuhusu vikao.

Asubuhi ukoo ulikunywa rubisi. Baba mkubwa Rwegasira, aliyekuwa msemaji wa ukoo, hakuanza shauri lolote bila pombe ile ya ndizi, wala hakuliendeleza bila hiyo. Kahawa za kutafuna zikapita kwenye kikapu kidogo, zikapita tena. Jua lilikuwa limeshavuka utosi walipopanda kwenda upande wa juu. Rugaibula alibeba begani fungu la miramura, vijiti vya mmea wa kuwekea mipaka, ambao ukichomekwa ardhini tu unaota. Agnetha, dada mkubwa wa Avit, alikuja na jembe pamoja na uso wa mtu aliyefunga genge lake siku ya soko. Avit mwenyewe alivaa shati jeupe, tai na koti, kwa ajili ya watu watakaomsikia bila kumwona.

Upande ule wa juu ndipo mahali pekee mtandao unaposhika. Na simu ya Avit, tangu ilipoanguka kwenye ndoo, haikusikika sikioni. Ilisikika kwa sauti kubwa tu, kwa wote. Iliita akiwa amepiga magoti, kijiti cha kwanza mkononi.

"Pokea," alisema baba mkubwa. "Huenda ni serikali imekukumbuka."

Avit akapokea.

"Ndugu Avit Protase? Naitwa Dokta Kamala, wa kamati ya udahili. Nipo na wenzangu wawili. Uko mahali penye utulivu?"

Avit aliutazama ukoo. Ukoo ukamtazama.

"Kabisa, Dokta."

"Vizuri. Tuanze na swali jepesi. Shahada unayo tayari. Kwa nini unataka kuanza nyingine badala ya kuendelea na uzamili?"

Alikuwa amejiandaa kwa swali hilo. Alikuwa na hotuba, ameifanyia mazoezi mbele ya kioo, na mahali pa kuvuta pumzi alikuwa amepachagua. Akafungua mdomo.

"Ngoja," alisema baba mkubwa Rwegasira. "Kuanza nini?"

"Nani huyo?" simu iliuliza.

"Ni baba yangu mkubwa, Dokta. Anapita."

"Sipiti, nimesimama," alisema Rwegasira, akaiinamia simu kama anayechungulia kisima. "Habari za huko, mama? Hapa ni Rwegasira. Huyu kijana tulishamsomesha, waitu. Tulichinja ng'ombe, tukacheza ngoma. Kumbe alifeli?"

"Hapana, mzee. Alifaulu vizuri."

"Mmemnyang'anya, basi?"

"Anayo bado. Anaomba nyingine."

"Anaongeza," Rugaibula alieleza kwa sauti ya upole. "Kama mtu anayeongeza mke. Yule mkubwa habaki na kinyongo?"

Ukoo ulicheka mpaka fungu la miramura likamponyoka Rugaibula begani. Kule kwenye simu pia mtu alicheka, kisha akajikoholesha.

"Ndugu Avit," alisema Dokta Kamala, "tunangoja jibu lako wewe."

Avit aliitafuta hotuba yake akakuta imeondoka yote, hata pale pa kuvuta pumzi.

"Niliwahi kuhutubia watoto viziwi, Dokta," alisema. "Sikujua hawasikii. Niliona wametulia nikadhani wananielewa sana. Nilifurahi kweli. Nilipoambiwa, nikaanza kuogopa kwamba pengine ndivyo nilivyofanya siku zote, hata kwa wenye masikio. Uzamili utaniongezea maneno. Mimi nataka wale watoto wakiniuliza kitu, niwajibu, na niwe na haki ya kusimama pale mbele."

Agnetha aliacha kukwangua udongo kwenye jembe.

"Asante," alisema Dokta Kamala. "Sharti la kukaa unalifahamu? Miaka miwili, hapa hapa chuoni. Hatutoi msamaha."

Mzee Protase, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema zaidi ya sala ya kufungulia, aliinua kichwa.

"Miaka miwili wapi?"

"Tata, nilikuwa nataka kukuambia," Avit alimwambia baba yake.

"Lini?"

"Baada ya kupanda mpaka."

"Yaani uchukue kibanja, halafu ukiache."

Baba yake hakupandisha sauti. Katika kichwa cha Avit mpango huo ulikuwa umeishi kwa jina zuri, ulikuwa ukiitwa subira. Sasa alipousikia kwenye kinywa cha mtu mwingine ulikuwa wizi mtupu. Aliilegeza tai.

"Mama," baba mkubwa aliiambia simu, akijaribu kupatanisha, "huko hamwezi kumpunguzia? Aje kwenu kusoma, usiku alale huku?"

"Haiwezekani, mzee. Lazima akae."

"Na huku lazima akae."

"Basi itabidi achague mwenyewe. Sisi tutamngojea kidogo hapa hapa."

Avit alisimama. Magoti yake yalikuwa na udongo, na moyoni mwake lilianza kupanda jambo kubwa, jema, la kutoa machozi. Alilifahamu vizuri jambo hilo. Lilimpata mara kwa mara. Akanyoosha mkono.

"Baba zangu," alisema, "wapo wanaostahili kuliko mimi. Nani amelipalilia kaburi la mama miaka yote hii? Nani anakuja hapa kila Jumapili? Kwa nini tunasema ni watoto wa kiume tu? Sheria ya nchi haisemi hivyo. Sehemu yangu apewe dada yangu Agnetha!"

Alingoja. Alitegemea kimya, kisha pengine kwikwi.

"Mimi?" alisema Agnetha. "Umeniuliza lini?"

"Dada, ni haki yako."

"Haki yangu nilijinunulia Muleba mjini, kiwanja kina nyumba ya bati na bomba. Au hujawahi kufika? Kweli, hujawahi kufika. Sasa unipe kibanja cha kuja kufukizia moshi hapa, mume wangu nimwambie nini, kaka yangu ametokewa na malaika? Kila ukitaka kuwa mtakatifu, Avit, anayetumwa kubeba maji ni mimi."

"Lakini niliposema hivyo nilikuwa na maana..."

"Naijua maana yako. Ulifanya hivyo hivyo ulipogawa viatu vyako shuleni, nikakuvulia vyangu."

Sasa kwenye simu walicheka wazi wazi. Avit aliurudisha mkono wake taratibu, akatafuta mahali pa kuuweka, akauweka mfukoni. Lililomuuma zaidi ni kwamba dada yake alikuwa sahihi kuhusu viatu.

"Ndugu Avit," alisema Dokta Kamala, akijizuia, "wakati unafikiri, niseme jambo la masomo yako ya zamani, tusipoteze muda. Kwa shahada ya namna hii tunakubali kuhamisha robo tu. Mengine utayaanza upya."

"Robo tu, Dokta? Nilisoma miaka mitatu."

"Robo. Hatusemi hayakuwa na maana. Tunasema tu hayawezi kukubeba mpaka mwisho."

Mzee Protase alisogea. Alikuwa mtu wa kanuni. Kwa maisha yake yote alikuwa amewakaririsha watoto amri na sakramenti, na kanuni iliyopangwa vizuri ilimpendeza kama wengine wanavyopendezwa na wimbo.

"Samahani, mama," alisema. "Mimi ni baba yake. Robo hiyo mnaitoa kwa kuangalia nini?"

"Kazi aliyoifanya kweli, mzee, ambayo hatuna haja ya kumrudisha aifanye tena."

"Hata kama aliifanyia mahali pengine?"

"Hata hivyo."

Mzee akamgeukia kaka yake. "Umemsikia mama."

"Nimemsikia. Lakini hiki ni kibanja, Protase, si chuo."

"Huyu mtoto amepalilia hapa tangu alipoweza kushika jembe. Amechuma hizi kahawa. Mama yake alipozidiwa na gari likashindwa tope, ni yeye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani, na aliporudishwa kutoka hospitali bila tumaini, alikaa naye hapa mwaka mzima, shule akaiacha ingoje. Hakuna aliyemwekea sharti la kukaa wakati ule. Alikaa. Kazi hiyo tunaitupa?"

Avit aliinamisha kichwa. Habari hizo zilikuwa kweli, na ajabu ni kwamba kati ya mambo yote aliyowahi kujisifia moyoni, hilo hakuwa amewahi kuliweka.

"Tumhamishie robo," aliendelea mzee. "Ile kona yenye kaburi. Sehemu yote iliyobaki ya upande huu apewe Rugaibula leo hii, watoto wake wapate pa kulala."

"Kona bila moshi?" alisema baba mkubwa. "Ukoo utasemaje?"

"Aliye pale hahitaji kupikiwa."

Rwegasira alitafuna kahawa yake kwa muda mrefu. Hakuna aliyemharakisha, hata wa kwenye simu. Mwishowe akamtazama Rugaibula. "Wewe ndiye unayepunguziwa. Unasemaje?"

Rugaibula alikuwa ameacha mzaha. "Kwa mama mkubwa sina neno," alisema. "Ndiye aliyenilaza kitandani kwake nilipougua surua. Ila mstari utapinda. Watu watatucheka, watasema tulipima tukiwa tumelewa."

"Tumelewa," alisema baba mkubwa. "Upinde."

"Na wewe, Avit?" baba yake aliuliza. "Ulikuwa unapewa upande mzima. Sasa ni kona ya kuja kuombea tu. Hutajenga juu yake, wala watoto wako hawatajenga. Bado unataka kwenda?"

Avit alitazama chini, kwenye migomba ambayo mpaka asubuhi ile alikuwa akiiita yangu mbele ya marafiki wa mjini, ingawa hakuwahi kuikata jani mwaka huo wote. Alitafuta neno kubwa la kusema, kwa mazoea, akaliona likija, akaliacha lipite.

"Ndiyo, Tata," alisema.

"Basi nenda."

Kwenye simu ilisikika minong'ono, kiti kikaburutwa. "Ndugu Avit," alisema Dokta Kamala, "kamati inakupendekeza. Barua itafuata. Mzee Rwegasira, mzee Protase, tunawashukuru kwa kushiriki. Kwa kawaida tunamsaili mmoja mmoja."

"Na sisi kwa kawaida hatuna simu," alijibu baba mkubwa, akamuaga kwa heshima zote, akaendelea kumuaga hata baada ya simu kukatika.

Mzee Protase akaamua kwamba anayetoka ndiye apande. Kwa hiyo ni Avit aliyeichomeka miramura, kijiti baada ya kijiti, akiteremka kwenye mteremko, na Rugaibula akimfuata akikandamiza udongo kwa kisigino. Walipofika karibu na kaburi baba yake alitembea mbele yao, akazunguka, nao wakamfuata wakizunguka. Ukiutazama kutoka pale juu, mstari ulionekana kama umeona kitu njiani ukakikwepa.

"Kaza, msomi," alisema Rugaibula. "Hicho kimekaa kama kinataka kurudi kwenu."

"Nimekaza."

"Kaza tena. Nakujua, una huruma hata na vijiti."

Agnetha alimwagia maji kila kijiti, akinung'unika kwamba huko chuoni kuna mtu atakayefua mashati meupe na mtu huyo hatakuwa yeye. Ukoo ulianza kurudi nyumbani, ambako rubisi ilikuwa haijaisha. Avit alijifuta mikono kwenye suruali, akaona amelitundika koti lake kwenye mti wa kahawa upande wa pili wa mpaka. Aliinua mguu avuke. Kisha akaushusha, akasimama ukingoni mwa vijiti vyake mwenyewe ambavyo havijaota hata jani moja.

"Hodi," alisema.

Rugaibula alikuwa ameshaanza kupima kwa macho mahali pa kuweka jiko. Hakugeuka upesi.

"Nani?"

"Mimi. Avit."

"Una shida gani?"

"Koti langu."

"Pita," alisema Rugaibula. "Lakini usikae."